Nilishukuru Kabla ya Kupokea

Kanisa letu liko mtaa wa Kikula, katika mji wetu wa migodi, nyuma ya soko, na kwetu ushuhuda huja kabla ya sadaka. Mwenye neno anapita mbele, anapewa mikrofoni, anaeleza Mungu alichomtendea. Akimaliza, wamama wanainuka na vigelegele, wanamfunga kikwembe, kitenge cha mmoja wao, kiunoni, wanacheza naye mpaka vumbi linapanda. Hapo hata mtu aliyelala njaa anajisikia mfalme. Mimi mikrofoni naipenda, sitajificha. Mungu alinipa mdomo, na ukinikuta nimenyamaza ujue naumwa.

Bwana yangu, mume wangu, ni kinyume changu. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mikono, maneno yake yanahesabika. Alifanya kazi miaka mingi katika atelie kubwa za Panda, karakana za vyuma, mpaka siku alipoambiwa yeye na wenzake warudi nyumbani. Tangu hapo akawa anaokota vibarua, leo bawaba ya mlango, kesho sufuria iliyotoboka, kwa mashine ya kuazima. Kisha akasikia kwamba mgodi mmoja upande wa Kambove unatafuta mafundi. Alikwenda, wakamjaribu, akaunganisha bomba mbele ya macho yao. Wakamwambia kwa heshima: vizuri, papa, rudi nyumbani, ungoje simu.

Katika juma hilo la kungoja simu, mhubiri mgeni alikuja kwetu. Alituambia kwamba anayeshukuru baada ya kupokea ameamini macho yake tu, lakini anayeshukuru kabla, huyo ndiye amemwamini Mungu. Kanisa lote likapiga kelele. Mimi nilikuwa tayari nimesimama.

Nilitaka kusema hivi: namshukuru Mungu kwa imani, kwa sababu najua atampa bwana yangu kazi. Wengi hushuhudia hivyo kwetu na si dhambi. Lakini nilipoishika ile mikrofoni, maneno "kwa imani" sijui yalikwenda wapi. Nikasema, "Bwana asifiwe! Bwana yangu amepata kazi kule Kambove!" Basi, wamama waliruka. Kikwembe cha kwanza kikanifika kiunoni, cha pili kikanifika shingoni, mpiga ngoma akapagawa. Na kwa kuwa walikuwa wanacheza vizuri hivyo, nikaongeza, "Anaanza kesho!"

Nikatazama upande wa wanaume. Watu walikuwa wanampiga bwana yangu mabegani, wengine wanamwita patron, yaani bosi, na yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

Nyumbani alikula, akanawa mikono. Kisha akaniuliza, "Kesho minye nitaanza wapi?"

"Ile njo imani, ndiyo imani yenyewe," nikamjibu.

"Imani iko sawa. Nakuuliza kesho asubui. Nitaenda wapi?"

"Toka tu! Vaa bottes, vaa na ile kofia ngumu ya kazi. Mungu ataona miguu yako iko njiani, naye atapigisha ile simu."

Angenigombeza siku ile, labda mambo yangeishia pale. Lakini ni mtu mpole, ananipenda, na alijua nimeshafungwa vikwembe vya watu. Asubuhi akavaa, akatoka. Jirani waliokuwa wanachota maji walimsalimia kwa heshima kubwa. Nilisimama mlangoni nikijiona mke wa mtu.

Simu haikuja siku hiyo, wala siku za mbele. Mimi nikaendelea kumwamsha na kumtoa. Uongo ni kama mtoto mchanga, ukishauzaa lazima uulishe. Wamama waliniuliza anapandia wapi basi la kazi, nikawaambia. Wakauliza wanakula nini huko, nikawaambia ni wali na nyama. Nani alinituma kutaja nyama? Wakaanza kuniachia kiti cha mbele. Kijana wa kwaya akaniletea karatasi za mdogo wake ili bwana yangu amwombee nafasi. Nilizipokea, Mungu wangu, nilizipokea na kusema tutaona.

Usiku, katika maombi, nilikuwa namgombeza Mungu. Ndiyo, mimi ndiye niliyekuwa namgombeza yeye! Nilimwambia, "Unaniaibisha. Nimekushuhudia mbele ya watu, na weye unanyamaza." Nilidhani hayo ni maombi ya mtu mwenye imani kali. Haikunijia hata kidogo kwamba sikumwomba ruhusa kabla ya kumsemea.

Jioni moja bwana yangu akarudi, akavua bottes, vile viatu vyake vya kazi, akasema, "Balipiga simu. Nafasi zimejaa. Balichukua bengine."

Nilimwuliza kama amemwambia mtu yeyote. Hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza. Sikumwuliza, roho yako iko je? Sikumwambia pole. Nilimwuliza kama kuna mtu aliyesikia, na aliposema hapana, nikapumua. Nikamwambia, "Basi tuendelee kutoka asubuhi. Mungu atafungua mlango mwingine, hakuna atakayejua tofauti." Akasema sawa. Asubuhi akatoka tena na kofia yake ngumu.

Na hapa ndipo uso wangu unapowaka hata ninapoandika peke yangu. Siku zote hizo sikumwuliza anashinda wapi. Mtu mzima, mume wangu, anatoka alfajiri hana anakokwenda, anarudi jioni, nami napakua bukari, ugali wetu, na kumhadithia ya kanisani. Sikutaka kujua. Kama ningejua, ningelazimika kufanya kitu.

Nilijua kwa sababu ya mafuta ya kupikia. Duka ninalonunua siku zote lilikuwa limefungwa kwa msiba, ikabidi nivuke mpaka upande wa pili wa soko, kwenye duka la Waislamu wenye asili ya Maniema. Kule si kawaida yangu kwenda. Niseme na hili: niliwahi kuwaombea watu hao kwa sauti kubwa, kanisani, watoke gizani. Niliingia, nikasalimia, na nyuma ya meza, juu ya gunia, nikamwona bwana yangu. Alikuwa anapima unga wa mahindi na kuufunga katika mifuko midogo. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Kofia ya kazi ilikuwa chini, karibu na mguu wake.

"Weye unafanya nini hapa?" Nilisema kwa hasira, kama vile yeye ndiye aliyenikosea.

"Napima bunga," akajibu.

Mke wa mwenye duka alitoka nyuma na sahani ya maharagwe, kwani ilikuwa saa ya kula. Aliponiona alielewa mara moja mimi ni nani. Akaiweka sahani taratibu mbele ya bwana yangu, akanivutia kiti, akaniita kama dada yake mkubwa: "Karibu, yaya. Ikala."

Sikukaa. Nilimwuliza tangu lini.

"Tangu siku za mvua," akasema. "Alikuwa anasimama pale inje kwa mulango. Anapita asubui na kofia ya kazi, anarudia, anapita tena. Nikamwambia bwana yangu, uyu papa hana kazi, na iko anaogopa kurudia kwake. Tukamuita. Anatusaidia kidogo, anakula na siye."

"Na hamkuniambia? Soko ni hili moja!"

"Alituomba tusiseme, yaya. Alisema, bibi yangu atasikia haya, aibu kubwa."

Yo! Ningepigwa kofi nisingeumia vile. Watu niliowaombea watoke gizani walikuwa wanamlisha mume wangu mchana, na walifunga midomo yao ili kuifunika aibu yangu, mimi niliyefungua mdomo wangu mbele ya kanisa zima. Nililipa mafuta. Mwanamke yule alinisindikiza hadi nje, akaniambia polepole kwamba mficha uchi hazai. Niliitikia kwa kichwa tu. Ulimi wangu, ule unaojulikana Kikula nzima, ulikuwa umekauka.

Jioni nilijitayarisha kwa vita. Nilipanga maneno yangu yote: kwamba amenidhalilisha, kwamba angeweza kukaa mahali pengine mbali na soko. Bwana yangu hakunipa nafasi. Aliweka ile kofia mezani, kati ya sahani, akasema maneno mengi kuliko niliyomsikia akisema kwa mwaka mzima.

"Minye sina haya ya kukosa kazi. Kazi inakuya, kazi inaenda. Niko na haya ya hii kofia. Kila asubui bantu bananisalimia, na minye nabadanganya na kichwa yangu. Nimechoka. Hii siku ya Mungu, kule kanisani, utasema weye, ao nitasema minye."

"Unataka kuniua!" nikapiga kelele. "Nilimwamini Mungu, kosa langu ni lipi?"

"Siku ya kwanza, labda ulimwamini Mungu," akasema. "Lakini nyuma yake? Ulimwamini Mungu, ao uliogopa bantu?"

Nililia kwa hasira. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaweka hapa. Siku zilizofuata nilitamani homa inishike, malaria kali tu, ili nikose ibada. Hakuna aliyewahi kuomba malaria kwa bidii kama mimi, na sijawahi kuwa na afya njema kama juma lile.

Jumapili ikafika. Mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda, nikainuka. Nilipoanza tu kutembea kwenda mbele, vigelegele vikaanza. Mama mmoja alikwisha kufungua kikwembe chake, akinisubiri. Walidhani bwana yangu amepandishwa cheo! Mpiga ngoma akanipigia ngoma ya kuniingiza. Nilishika mikrofoni.

"Ngojeni," nikasema. "Msicheze."

Ngoma ikanyamaza. Nikasema, "Bwana yangu hana kazi. Hakuanza kazi hata siku moja. Walikuwa hawajamwita niliposema wamemwita, na walipompigia walikataa. Yeye hakudanganya, ni mimi. Basi la kazi ni mimi niliyelitunga. Ile nyama pia." Hapo mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajizuia. "Anapima unga katika duka la soko, na ndipo alipokuwa anakula. Mnisamehe."

Mama mwenye kikwembe alikirudisha kiunoni kwake na kukifunga taratibu, bila kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mchungaji wetu si mkali. Alinishukuru, akaniombea, kisha akasema kwamba nitawekwa chini ya nidhamu kwa muda. Kwetu maana yake inajulikana: unakaa benchi la mwisho, hushiki mikrofoni, hukaribii meza ya Bwana, hadi wazee watakaporidhika. Akasema Mungu humrudi na kumwadibu aliye wake, na mtoto asiyerudiwa ni mtoto wa njiani. Watu wakaitika amina kwa furaha kidogo kupita kiasi. Nilichemka. Nimesema kweli mwenyewe, na bado naadhibiwa! Nilimaliza ibada nimeuma meno, na nilipotoka nje nilimwambia bwana yangu, "Kanisa hili basi. Tunahama." Ndivyo watu wengi wanavyofanya Kikula. Ukirudiwa hapa, unavuka barabara, na huko wanakupokea kwa shangwe na kiti cha mbele.

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa anatufuata. Ana atelie yake ndogo ya milango na madirisha ya chuma, kwenye njia ya kwenda Panda. Nilidhani anakuja kuniongezea mahubiri, nikakunja uso. Alivua kofia yake.

"Mama, aksanti kwa kusema kweli," akasema. "Lakini unaniumiza roho. Fundi wangu alihama, alienda Kolwezi. Nilitafuta mwengine. Muntu wa kwanza niliwaza ni papa, minye najua mukono yake. Nikasema, aka! Papa iko na kazi mukubwa kule Kambove, nitamupatia je ka-atelie kangu? Nikachukua kijana wa Panda, iko na bibi na mutoto muchanga. Ameanza juma hii imepita."

Kazi ilikuwa imekuja. Haikutoka Kambove, ilitoka benchi la mbele yetu, kwa mtu tunayeshikana naye mikono kila Jumapili. Ilitafuta mlango wetu, ikakuta mdomo wangu umesimama pale kama mlinzi na kuifukuza.

Na unajua nilifanya nini? Sikupiga magoti. Nilisema, "Lakini papa, huyo kijana ameanza juzi tu, si unaweza..."

"Apana," bwana yangu akanikata. Sikuwa nimemsikia akinikata mbele ya mtu hata siku moja. "Iko na bibi, iko na mutoto. Umuache." Kisha akamshukuru yule mzee kwa kumkumbuka, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Mzee akaondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Tulitembea kurudi nyumbani. Watu waliokuwa wametoka ibada nyingine walikuwa wanatusalimia kama kawaida, habari haijawafikia bado. Nilimngoja bwana yangu aanze. Nilimngoja mpaka njia panda, nilimngoja mpaka kisimani. Alikuwa anatembea tu, mikono nyuma.

"Nigombeze!" nikamwambia. "Sema kitu! Nimekuharibia kazi, nimekuharibia jina, na sasa hivi nimetaka kumnyang'anya mtoto wa watu. Nigombeze basi!"

Akasimama. Akanitazama bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Mungu alishakugombeza leo mbele ya bantu bote," akasema. "Minye nitaongeza nini yulu yake?"

Tukaendelea kutembea. Sikusema tena habari ya kuhama, lakini nisijifanye mtakatifu, nilikuwa bado naiwaza. Katikati ya juma jirani yangu mmoja alinialika kanisani kwake, akaniambia kwao hawana mambo ya kuweka watu wazima nyuma kama watoto wa shule. Jumapili nilivaa, na mpaka tunafika barabarani sikuwa nimeamua. Bwana yangu hakuniuliza. Alipinda kwenda kwetu, hakugeuka hata kutazama kama namfuata. Nikasimama pale na kitabu changu kwapani. Ng'ambo walikuwa wameanza kuimba, na walikuwa wanaimba vizuri. Nilijua nikienda huko nitapata mikrofoni nyingine kabla ya mwezi kuisha. Nikajua pia nitasema nini nayo. Nikamfuata bwana yangu.

Benchi la mwisho ni benchi la wamama wenye watoto wachanga, ili watoto wakilia watolewe upesi. Nilikaa mwishoni kabisa, karibu na ukuta. Wanawake wawili walisogea kidogo, sijui kunipa nafasi au kunikwepa. Mwanamke mmoja kijana, ambaye sikuwa namjua, alikuwa kando yangu na mtoto wake mgongoni. Alikuwa mgeni, hakujua mimi ni nani wala kwa nini nimekaa pale. Alinisalimia vizuri, "Yambo, mama," nami nikafurahi kuitwa mama na mtu ambaye hajasikia.

Saa ya ushuhuda ilipofika nikainamisha macho. Yule mwanamke akaanza kuhangaika na nguo ya kumfungia mtoto, akamteremsha, akaniegemea.

"Mama, unishikie mutoto kidogo," akanong'ona. "Nataka kupita mbele. Bwana yangu amepata kazi kwa atelie ya uyu mzee, kazi ya kuchoma byuma. Tulikuwa tunalala na njaa, mama. Nilimwambia Mungu, ukitupatia, nitakushukuru."

Akaniwekea mtoto mapajani kabla sijajibu. Alikuwa mwepesi kuliko watoto wa umri wake wanavyokuwa, shingo nyembamba, mikono midogo imeshika kidole changu. Mama yake akapita mbele kwa haya, akashika mikrofoni kwa upande usio wake, akasema maneno machache tu, yote ya kweli. Wamama wakainuka. Upande wa wanaume nilimwona bwana yangu akisimama wa kwanza na kupiga makofi, na makofi yake hayakuwa ya uongo.

Niliona aibu ya kila kitu, ya kofia, ya nyama, ya neno lile nililoanza kumwambia mzee nje ya mlango. Kama bwana yangu asingenikata, mtoto huyu angekuwa wapi leo, na angekula nini? Machozi yakanidondoka juu ya nguo yake. Nilitaka kuitikia na wengine, lakini alikuwa ameanza kusinzia kifuani pangu. Nikasema amina kwa sauti ndogo, nisimwamshe.